Hewa ya Mbeya, Hewa ya Kyela: Injini Yangu ya Supachaja Mbili

Gari lenyewe ni Hilux LN106, ile ya springi za majani mbele na nyuma, iliyotoka kiwandani na injini ya dizeli iitwayo 3L, sisi (cc) 2,779, haina tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini. Aliyewahi kupakia mbolea Uyole akapanda nayo Isyonje anaijua vizuri. Igawilo unapita na gia ya tatu, mwinuko ukishika unarudi ya pili, na nyuma yako moshi mweusi umeziba barabara. Si kwamba injini ni mbovu. Ni hewa.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Pwani, hewa inaingia kwenye silinda ikisukumwa na mgandamizo wa psi 14.7 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Hapa kwetu ni kama 12. Kwa hiyo injini yoyote isiyo na msaada, ikifika Mbeya imeshapoteza karibu moja ya tano ya pumzi yake kabla hujakanyaga mafuta, na ukipanda zaidi, kule barabara ya Chunya inakovuka mita 2,300, inapungua tena. Dizeli inaendelea kumwagiwa mafuta yale yale huku hewa ya kuyaunguza haipo, ndiyo maana ya ule moshi.

Mimi ni fundi wa injini, gereji yangu iko Mafiati, na kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa. Miaka yote hiyo nimefungua injini za watu na kuzirudisha kama kiwanda kilivyotaka. Nikawa na hamu ya injini moja niliyoipanga mwenyewe, ambayo ukinionyesha bolti yoyote nakueleza kwa nini iko pale. Si ya biashara. Ni ya petroli, si dizeli kama ile ya kwanza, na kwa inavyokunywa, hakuna mzigo wa mbolea utakaoilipa. Niliijenga kwa sababu naipenda kazi hii, na hilo nalisema bila kuficha.

Supachaja, yaani pampu za kuishindilia injini hewa, nilizipata Dar, Gerezani, mwaka 2019. Nilikuwa nimekwenda kutafuta spea za mteja, nikaona mbili kwenye rundo, vumbi tupu, zimetoka kwenye Crown za zamani zenye injini ya 1G-GZE. Ni aina iitwayo SC14. Ndani kuna vyuma viwili vyenye umbo la namba nane, vinazunguka kwa kupishana bila kugusana, na kila mzunguko mmoja vinasukuma kama lita 1.4 za hewa. Nilizizungusha kwa mkono nikiwa nimeweka sikio karibu. Moja ilikuwa laini kabisa. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo mdogo, na nilipofungua kizibo cha oili yake hapakuwa na tone. Hizi zina oili yake yenyewe, haichanganyiki na ya injini, na wengi wanaolimiliki gari la namna hiyo hawajui kama kuna kizibo cha kufungua. Nilizinunua zote mbili, ile yenye mkwaruzo nikaibadilisha beringi.

Watu waliniuliza kwa nini nisifunge tabo, na swali lao lilikuwa la haki. Kwa milima yetu tabo ina faida ambayo lazima isemwe: haikufungwa kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi ikafidia. Supachaja imefungwa kwa mkanda. Krenki ikizunguka mara moja, nayo inazunguka kiasi kile kile ulichopanga na kuchota ujazo ule ule, hewa iwe nzito au nyepesi. Mimi nilitaka nguvu inayoanza chini kabisa, pale unapoachia klachi mlimani na mzigo mgongoni, na hapo supachaja haina mpinzani. Lakini hilo neno, ujazo ule ule, ndilo lililokuja kunigharimu. Nilikuwa nalijua kwa mdomo, kichwani lilikuwa bado halijaingia.

Injini niliyochagua ni 1UZ-FE, V8 ya sisi 3,968, iliyotolewa kwenye Crown Majesta iliyopata ajali. Hii ya mwanzo ina uwiano wa mbano wa 10 kwa 1, yaani pistoni ikipanda inaibana hewa mpaka moja ya kumi ya nafasi yake. Na hapa ndipo sababu ya supachaja mbili ilipo, maana wengine walidhani ni mapambo. Injini ya lita 4 ya viharusi vinne inavuta nusu ya ujazo wake kila krenki inapozunguka, yaani lita 1.98. SC14 moja inatoa 1.4. Ningefunga moja, ningelazimika kuizungusha haraka mno ili iishibishe V8, na supachaja ya aina hii ukiikimbiza inageuka jiko. Mbili kwa pamoja zinatoa lita 2.84 kila mzunguko, kwa hiyo zikizunguka mwendo unaokaribiana na wa krenki tayari zinazidi mahitaji ya injini. Zinafanya kazi zikiwa zimetulia.

Kuiingiza V8 kwenye Hilux sitalizungumzia sana. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iligusa eksili ya mbele, tukaikata na kuichomelea upya. Gia boksi ilihitaji sahani ya chuma ya kuiunganisha. Breki na rejeta nilibadilisha kabla ya kufikiria kitu kingine, na kadi ya gari nikaipeleka TRA kwa sababu injini mpya ina namba yake. Kazi kubwa ilikuwa mkanda.

Kuna mzee Iyunga ana mashine ya kukereza nyuma ya nyumba yake. Alifanya kazi miaka mingi karakana ya treni za TAZARA, na mikono yake inajua chuma kuliko kipimo chochote nilicho nacho. Puli zote alizikereza yeye. Siku ya kwanza ya kuwasha tulifunga mkanda mmoja mrefu unaotoka krenki, unapita supachaja ya kushoto, unazunguka tensiona (puli ya kuukaza), unakwenda ya kulia. Uliimba kidogo kisha ukaanza kutoa unga mweusi. Nikauvua, nikafunga mwingine, nao baada ya nusu saa ukawa umechanika pembeni. Mkanda wa tatu nao ulipokwenda nilimfuata mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mkanda mkononi, basi sikuulizi habari."

Alikuja na uzi wa mwashi. Hakuleta kitu kingine. Alinishikisha ncha moja usoni pa puli ya krenki, yeye akaushika mwisho wa pili mbele ya supachaja ya kulia, akauvuta mpaka ukalia kama gita, kisha akaniambia nitazame pale uzi unapopita kwenye ukingo wa puli. Upande wa ndani uligusa. Upande wa nje palikuwa na mwanga, mwembamba kama unene wa sarafu mbili. Brakiti yangu ilikuwa imelala. Si kwamba puli ilikuwa mbele au nyuma, ilikuwa imeinama, na rula niliyotumia mimi isingeonyesha hilo hata siku moja kwa sababu nilipima sehemu moja tu ya puli. Tuliichonga brakiti kwa tupa, tunavuta uzi, tunachonga, tunavuta uzi, mpaka magharibi. Mkanda tulioufunga jioni ile ulidumu miaka miwili.

Kosa jingine la mwanzo lilikuwa mahali pa throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Niliiacha palepale ilipo kwenye injini, baada ya supachaja. Jioni moja nikakanyaga mafuta vizuri kutoka Mafiati, nilipoachia tu, bomba la mpira lilichomoka kwa kishindo watu wakadhani tairi limepasuka. Supachaja haijui kwamba umeachia mafuta. Krenki bado inazunguka, na yenyewe inaendelea kusukuma hewa mbele ya mlango uliofungwa. Toyota kwenye injini yao ya 4A-GZE waliweka throto kabla ya supachaja, na sasa nikaelewa kwa nini. Mimi nilibaki na mpangilio wangu lakini nikaongeza vali ya kurudisha hewa inayofunguka mara tu throto inapofungwa. Bomba halijachomoka tena.

Kisha lilitokea jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote. Tulikuwa tunapanda barabara ya Chunya, nguvu ikapotea ghafla. Haikupungua nusu, kama ungetegemea moja ikifa. Ilipotea yote, geji ya mgandamizo wa supachaja ikalala sifuri, na supachaja zote mbili zinanguruma. SC14 ina klachi ya sumaku kwenye puli, kama ile ya kompresa ya ubaridi. Nilichora mstari wa chaki kwenye uso wa kila klachi, nikamwambia kijana wangu anyanyue mafuta kidogo. Kushoto, chaki ilizunguka na puli. Kulia puli ilizunguka upande wake, na ile sahani ya katikati yenye chaki ikazunguka upande wa pili. Inarudi nyuma! Waya wa sumaku ulikuwa umekatika, klachi imeachia, na hewa iliyosukumwa na mwenzake, badala ya kuingia kwenye injini, ilikuta njia rahisi zaidi, ikaizungusha ile iliyoachwa kinyumenyume na kutokea kwenye chujio. Ukizifunga sambamba namna hii, moja ikilegea inakuwa tundu la mwenzake. Niliziondoa sumaku zote mbili, puli nikazifunga kwa bolti moja kwa moja kwenye shafti.

Baada ya hapo gari likaanza kuwa gari. Nilikuwa nimeipa injini kompyuta ya kujipangia mwenyewe. Ndani yake kuna jedwali: safu za wima ni mizunguko ya injini, mistari ya mlalo ni mgandamizo wa hewa, na kila kijisanduku unaandika taimingi, yaani digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu plagi ipige cheche. Nilikaa miezi na jedwali hilo. Geji yangu kwa puli zile ilionyesha psi 7. Nililipima Uyole, Mlima Nyoka, Chunya, mchana na usiku, na lilipanda Isyonje na mzigo kwa gia ya nne, halina moshi, halibadilishi sauti. Shangazi yangu wa Kyela aliposikia akasema, basi mwanangu njoo na hilo gari lako unichukulie mchele.

Tulikwenda Novemba, 2022. Njia ya kushuka ni raha, Kiwira, Tukuyu, migomba na chai pande zote, joto linakupanda taratibu mpaka ukifika chini umeshavua koti na sweta. Kyela iko kama mita 500 tu. Tulipakia gunia 8, shangazi akatupa na ndizi za njiani, tukaanza kurudi saa 8 mchana, jua likiwa limesimama.

Kwenye kilima cha kwanza kirefu geji ilisoma 8. Niliiona. Nikasema moyoni ni psi moja tu, gari limefurahi. Kijana wangu alikuwa ametoa mkono dirishani.

"Kaka, unasikia hiyo?"

Nilisikia. Ilikuwa kama mtu anatikisa kokoto chache ndani ya kopo la maziwa, mbali, kwa sekunde mbili, kisha kimya. Nikamwambia ni mzigo unacheza. Nililisema hilo kwa sababu nilitaka liwe kweli. Kilima kilichofuata kokoto zilirudi, nikaendelea kukanyaga, na kabla hatujafika Tukuyu moshi wa buluu ulikuwa unatufuata na oili inatapikwa kwenye bomba la kupumulia. Mchele wa shangazi ulifika Mbeya kesho yake kwa gari la mtu mwingine. Hilux ilifika juu ya Fuso.

Silinda namba 6. Plagi niliipeleka kwenye mwanga, na ile kauri nyeupe ilikuwa na vidoa vidogo vya fedha, kama imenyunyiziwa. Ile ni alumini ya pistoni. Nilipotoa hedi na kuvuta pistoni, ule ukuta mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umevunjika kipande cha urefu wa kidole gumba. Ringi ya juu imekatika mara tatu.

Mzee wa Iyunga alikuja kuiona. Alikigeuza kile kipande kwenye kiganja muda mrefu.

"Huku chini Kyela uliwahi kuipimia?"

"Hapana mzee. Nilipimia hapa na Chunya."

"Basi umeifundisha hewa ya Chunya, ukaipeleka kwenye hewa ya Kyela." Akanisimulia treni zao, kwamba reli ile ya kilomita 1,860 inaanzia karibu na bahari ikapanda mpaka huku kwetu, na injini iliyolia vizuri Dar hawakuihesabu kuwa nzima mpaka waisikie na huku juu. "Wewe umeanza juu. Ni hesabu ile ile, imegeuzwa."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Geji ya kwenye dashibodi haihesabu kuanzia sifuri ya kweli, inahesabu kuanzia hewa iliyokuzunguka. Mbeya hewa ni 12, geji ikisema 7, ndani ya injini kuna jumla ya 19. Maana yake supachaja zangu zinaizidisha hewa iliyopo kwa kama 1.58. Sasa chukua hewa ya Kyela, kama 13.9, izidishe kwa kiasi hicho hicho. Unapata 22. Ondoa 13.9 ili upate geji itasema nini: 8 na kidogo. Geji ilipanda psi 1. Injini iliongezewa 3. Ile psi moja niliyoifurahia ilikuwa theluthi moja tu ya kilichoingia.

Kisha nikafungua jedwali, na hapo ndipo moyo ulipouma zaidi. Kompyuta yenyewe inahesabu mgandamizo wa jumla, haidanganyiki kama geji. Mstari wa 19 ulikuwa umejaa kazi yangu ya miezi, kila kisanduku nimekigusa. Mistari ya 20, 21 na 22 nilikuwa nimenakili tu namba za mstari wa 19, ili isibaki tupu. Mbeya injini haikuwahi kufika huko, na nisingeweza kuifikisha hata ningeendesha mwaka mzima. Mafuta kompyuta iliyakadiria yenyewe kwa mgandamizo. Taimingi ilifuata nilichoandika, digrii 20, mahali palipohitaji chini ya 15. Ongeza joto: hewa inayosukumwa na supachaja ya aina hii inatoka imechemka, asubuhi ya baridi Mbeya nilipima nyuzi 90 kabla ya interkula (rejeta ya kupoza hewa hiyo), na Kyela inaingia tayari ina nyuzi 33. Hewa nyingi, ya moto, mbano wa 10 kwa 1, cheche ya mapema. Mchanganyiko ulikuwa unajilipukia pembeni mwa silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Zile ndizo zilikuwa kokoto.

Injini ya 1UZ ina sensa mbili za kusikiliza kugonga kwa namna hiyo. Mimi sikuwa nimeziunganisha kwenye kompyuta mpya. Niliona ni kazi ya baadaye.

Tuliifungua yote. Niliamua kuushusha mbano, na njia niliyoweza kuilipia ni kuchonga bakuli dogo juu ya kila pistoni, upana wa milimita 60, kina cha 2. Silinda moja ya injini hii ni sisi 496. Kwa mbano wa 10, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni sisi 55. Bakuli hilo linaongeza sisi 5 na nusu hivi, na mbano unashuka mpaka kama 9.2. Ningependa 8.5, lakini ningechonga kina mara mbili, na pistoni iliyokonda juu ni kaburi jingine. Namba 6 nilitafuta nyingine ya aina ile ile, mzee akazichonga zote 8 kwa siku mbili.

Hakuna aliyetuambia tuzipime baadaye, lakini baada ya yaliyotokea sikutaka kuamini kitu ambacho sijakipima. Nilipaka grisi ukingoni mwa kila bakuli, nikaweka kipande cha kioo chenye tundu dogo, nikajaza mafuta ya taa kwa sirinji ya duka la dawa, tone kwa tone, mpaka povu la mwisho likatoka. Sita zilisoma 5.6. Moja 5.5. Moja ilisoma 6.1, na mzee alipoambiwa hakubisha, aliichukua, akaitazama kwenye mwanga na kusema tutafute nyingine. Kisha tukazipima uzito kwenye mizani ya duka la dhahabu, tukazisawazisha kwa kusugua ndani.

Sensa za kugonga niliziunganisha safari hii kabla ya kitu kingine chochote. Na juu yake nikaongeza sikio langu mwenyewe: bomba la shaba la urefu wa kiganja, nimelipondaponda mwisho mmoja na kulitoboa, nimelifunga kwa bolti kwenye bloku, mwisho wa pili mpira mwembamba unaingia ndani ya gari mpaka kwenye vizibo vya masikio vya watu wa kuchana mbao. Ukivaa hivyo unaisikia injini kama daktari anavyosikia kifua. Vali zinatikatika, mkanda unavuma, na kugonga kukija hukukosi, ni mlio mkavu, hauna mwangwi.

Kupima tulianza kwa kushuka. Wiki ya kwanza hatukupita Tukuyu. Tulikwenda alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, kijana anaendesha kwa mzigo wa mchanga, mimi nimevaa masikio na kompyuta mapajani. Mstari wa 20 nilianza na digrii 10, chini kabisa, gari zito kama ng'ombe aliyeshiba, kisha nikaongeza moja moja. Nilipokosa uhakika nilirudisha mbili. Wiki ya pili tulishuka nusu ya njia ya kwenda Kyela. Ya tatu tukalala kwa shangazi, tukaanza saa 11 alfajiri na kurudia njia ile ile saa 8 mchana, kwa sababu namba inayofaa alfajiri haifai kwa jua. Mstari wa 22 ulitulia kwenye 13. Saa ya mchana kompyuta inaipunguza mpaka 11 kwa kufuata joto la hewa inayoingia. Kuna nguvu nimeziacha pale chini, najua. Huku juu ninazo zote.

Shangazi hakuwa na kinyongo. Alitupakilia gunia 8 zile zile na akasimama barabarani mpaka tukapotea. Kijana aliendesha, mimi masikio. Kwenye kile kilima cha kwanza nilimwambia akanyage yote na asiachie, nikafumba macho. Vali, mkanda, upepo. Tulipita pale tulipozisikia kokoto, kilima cha pili, Tukuyu, Kiwira, tukapanda mpaka Isyonje palipokuwa na ukungu na baridi ya kukata. Tukasimama kando, nikasubiri injini ipoe kidogo, nikafungua plagi ya namba 6 na kumpa kijana tochi. Kauri ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliigeuza mara tatu akitafuta kidoa cha fedha, kisha akanirudishia bila kusema neno, nami nikatoa daftari nikaandika kabla mikono haijafa ganzi: Kyela, saa 8 mchana, nyuzi 32, geji 8, jumla 22, taimingi 11, kimya.